Ile "mara nane" ya SSHI hutoka wapi

Nimesoma tena taarifa ya mradi inayodai kwamba ukiondoa daraja la kawaida la dayodi nne, linalogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja, na kuweka saketi ya SSHI (Synchronized Switch Harvesting on Inductor), yaani ya swichi na indakta inayokwenda sambamba na mtetemo, kifaa chako cha kuvuna mtetemo kitakupa nguvu mara nane. Dai hili hunakiliwa kutoka taarifa moja hadi nyingine bila masharti yake, ilhali pasipo masharti hayo halina maana yoyote.

Tuchukue kipande cha piezo, yaani kauri inayotoa umeme inapopindwa, chenye kapasita ya nanofaradi 50, kilichobandikwa kwenye ufito uliobanwa upande mmoja, unaotetema kwa hezi 50 na kutoa volti 20 za kilele pasipo mzigo. Katika kila nusu ya mzunguko, mkondo wa piezo hulazimika kwanza kuigeuza kapasita ya piezo yenyewe kutoka hasi hadi chanya, na muda huo wote dayodi hazipitishi kitu. Kwa daraja la kawaida, nguvu hufika kileleni volteji ya kapasita ya akiba, inayohifadhi umeme baada ya daraja, inapokuwa nusu ya ile ya pasipo mzigo, yaani volti 10, na hapo tunapata miliwati 1. SSHI hufunga swichi kwa muda mfupi sana mtetemo unapofika ukingoni, ili indakta iigeuze volteji ya piezo badala ya kuuachia mkondo wa piezo kazi hiyo. Ikiwa ugeuzaji unahifadhi asilimia 75 ya volteji, hesabu ya SSHI sambamba, ambayo swichi na indakta zake huunganishwa sambamba na piezo, hutoa miliwati 8. Hiyo ndiyo mara nane yenyewe.

Sharti la kwanza ni la volteji. Miliwati 8 hizo hupatikana kapasita ya akiba ikiwa kwenye volti 80. Wengi wa wanaonukuu namba hii huunganisha kapasita hiyo moja kwa moja na mzigo wa volti 3.3, na katika hali hiyo daraja la kawaida hutoa takriban miliwati 0.55 huku SSHI ikitoa takriban 0.65. Indakta, swichi na kitambuzi cha kilele, kinachoiambia swichi lini ifungwe, vyote vimewekwa kwa ajili ya miliwati 0.1, na kitambuzi nacho kinakula umeme. Bila kigeuza-volteji kinachoweza kupokea volti 80 na kufanya kazi kwa ufanisi kwenye nguvu ndogo kiasi hicho, mara nane itabaki kwenye karatasi. Saketi jumuishi ya LTC3588, chipu ya kuvuna nishati ambayo wengi huanza nayo, ina kinga inayozuia volteji ya kuingilia isipande zaidi ya volti 20.

Kuhusu dayodi za Schottky, zinazopendwa kwa anguko lao dogo la volteji, nitasema moja tu: kwenye volti 80 anguko la volteji la dayodi si tatizo lako, bali uvujaji wake wa kinyume.

Kinachonikera zaidi ni sharti la pili, kwa sababu ni la kimakanika na watu wa saketi hulipita kana kwamba haliwahusu. Hesabu yote niliyoifanya hapo juu imechukulia kwamba ufito unaendelea kutetema kwa upeo uleule hata unaponyang'anywa nishati mara nane zaidi. Hauwezi. Nishati ya umeme hutoka kwenye mwendo wa ufito, na kadiri saketi inavyochukua zaidi ndivyo ufito unavyotulia. Kundi la Daniel Guyomar na Claude Richard wa INSA, chuo cha uhandisi cha Lyon, Ufaransa, lilikuwa likiitumia swichi na indakta hii kuua mitetemo ya miundo ya kimakanika kabla ya kuigeuza kuwa njia ya kuvuna nishati na kuchapisha kazi ya SSHI mwaka 2005. Anayeshangaa kuona mtetemo ukipungua baada ya kuwasha SSHI anashangaa kuona saketi ikifanya kazi iliyozaliwa kuifanya.

Kwa ufito unaosukumwa na kani yenye kilele F kwenye masafa yake ya asili, wenye mgawo wa ufifishaji c (kipimo cha jinsi mwendo unavyofifia), hakuna saketi yoyote inayoweza kutoa zaidi ya F²/8c. Zao la mraba wa mwambatano, k² (kipimo cha jinsi mwendo na umeme vinavyofungamana), na Q ya kimakanika (kadiri ufifishaji unavyopungua ndivyo Q inavyokua) likifika π, daraja la dayodi nne peke yake linaligusa dari hilo, na SSHI haiongezi kitu. Saketi ya SECE (Synchronous Electric Charge Extraction), inayoitoa chaji yote ya piezo kila mtetemo unapofika kileleni na ambayo pale mwambatano ulipo dhaifu hutoa mara nne bila kujali mzigo, huanza kupoteza nguvu mwambatano unapokuwa mkubwa, kwa kuwa inaufifisha ufito kupita kiasi na haina kitu cha kurekebisha.

Hata dari lenyewe siliamini kikamilifu. Ugumu na ufifishaji wa PZT, kauri ya piezo inayotumika sana, hubadilika mtetemo unapokua, kwa hiyo c iliyopimwa kwa mtetemo mdogo si c ya kazini. Tena mitambo halisi haitetemi kwa masafa moja safi, na vilele vidogo vya kelele hufanya swichi ifungwe mahali pasipofaa; hapo ninaona ushindi wa SSHI dhidi ya daraja la kawaida ni wa kupimwa upya kwa kila mashine.

Kwa hiyo, kabla hujaandika kizidishio chochote, pima mwendo wa ncha ya ufito saketi ikiwa imeunganishwa na ikiwa haijaunganishwa, taja volteji ya kapasita ya akiba uliyopimia, taja k² na Q, kisha ondoa kwenye hesabu umeme unaoliwa na kitambuzi cha kilele.