Mawe ya Masasi yana miaka mingapi?

Ukitoka Mnazi Mmoja kwenda Masasi, ukishaipita Ndanda, vilima vya mawe huanza kujitokeza kimoja kimoja, kama majahazi yaliyokwama maji yalipokupwa. Mwanajiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka kusini hii, mwaka 1900 aliviita "inselberg", yaani vilima-visiwa, na neno hilo sasa linafundishwa dunia nzima.

Chini ya kilima kimojawapo, mama mmoja mponda kokoto aliniuliza: "Mwanangu, unasema jiwe hili lina miaka bilioni. Ulikuwepo?" Swali la haki kabisa. Sikuwepo. Ila shahidi alikuwepo, tena yumo kwenye lile fungu alilolikalia.

Shahidi huyo ni zirkoni, punje ambayo mara nyingi haizidi unene wa unywele. Mwamba ulioyeyuka kama uji wa moto unapopoa na kuwa graniti, zirkoni huganda ikiwa imebeba urani kidogo, lakini risasi huikataa (risasi hii ya kwenye betri za magari). Tangu siku hiyo urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: urani-238 hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47, na urani-235 kila miaka milioni 704. Kwa hiyo risasi tunayoikuta mle karibu yote imezaliwa mlemle, na wingi wake ukilinganishwa na urani iliyobaki ndio saa yetu. Na saa ni mbili ndani ya punje moja, moja kwa kila aina ya urani. Zikipishana, tunajua risasi imevuja, na jibu hatulimezi hivihivi.

Kazi yenyewe haina ufahari. Unaponda, unachekecha, unaosha kwa karai kama wachimbaji wa dhahabu. Zirkoni ni nzito, hubaki chini. Kisha sumaku, darubini na sindano, punje moja baada ya nyingine, mpaka shingo inauma. Punje ikikatwa huonyesha kiini na maganda, kama shina la mti. Mawe mengi ya Masasi ni naisi, yaani graniti iliyokandamizwa na kupikwa tena: viini vingi vya zirkoni zake ni vya karibu miaka bilioni 1, na maganda ni ya kati ya milioni 650 na 550, mabara yalipogongana kuunda Gondwana, bara kuu la kale.

Ndiyo kusema Masasi bado kijana. Graniti za Singida, Dodoma na Mwanza zina miaka kama bilioni 2.6. Naisi ya Acasta, Kanada, ina bilioni 4.03.

Kwa nini tuhangaike na graniti? Kwa sababu ndiyo inayobeba mabara. Basalti, mwamba mweusi wa volkano ulio sakafu ya bahari, ni nzito, hatimaye huzama. Graniti ni nyepesi, hubaki juu kama mafuta ya tui lililotulia. Lakini haipatikani mpaka basalti iliyolowa maji iyeyuke tena huko chini. Graniti za kale sana zina sodiamu nyingi. Kuanzia kama miaka bilioni 3 iliyopita zinaongezeka zenye potasiamu nyingi, zilizotokana na graniti nyingine kuyeyuka: bara lilishakuwa nene kiasi cha kujipika lenyewe.

Hata mwamba ukiisha, punje hubaki. Zirkoni za Jack Hills, Australia, zina karibu miaka bilioni 4.4, na jiwe lililozizaa halijaonekana popote. Huku kwetu Lukuledi hushuka toka upande wa Masasi hadi ghuba ya Lindi, ikikokota mchanga. Mawimbi makali yakiacha mchirizi mweusi ufukweni, chota kiganja kimoja: zile ni punje nzito, na zirkoni hupenda kujificha humo.