Dripu haipunguzi kiu ya nyanya

Simu huwa inakuja hivi. Mtu ana ekari moja, anataka kupanda nyanya za kiangazi. Mipira ya dripu, yaani ya umwagiliaji wa matone, ameshanunua, tanki la lita 1,000 ameshaliinua juu ya mbao, anachotafuta sasa ni fundi wa kuunganisha. Namuuliza kisima chake kinatoa lita ngapi kwa saa. Jibu ni lile lile kila mara: "Si ni dripu, injinia? Dripu inatumia maji kidogo."

Dhana hii imeharibu mashamba mengi kuliko wadudu wote ninaoitwa kuwaangalia, kwa hiyo nitaanza nayo na nitakaa nayo.

Dripu haibadilishi kiasi cha maji ambacho mmea unakunywa. Kiasi hicho kinaamuliwa na jua, upepo, ukavu wa hewa na ukubwa wa majani. Mnyanya wa Dodoma mwezi wa Oktoba haujui kama maji yamefika kwa mfereji, kwa ndoo au kwa tundu la dripu. Kinachookolewa na dripu ni yale maji yanayopotea njiani: yanayonywewa na udongo wa mfereji, yanayoishia kwenye magugu, yanayozama chini kuliko mizizi. Katika umwagiliaji wa mifereji tunahesabu kwamba karibu asilimia 60 ya maji ndiyo yanaufikia mmea. Kwa dripu iliyosanifiwa vizuri tunahesabu asilimia 90. Tofauti hiyo ni kubwa na ina thamani, lakini haiigeuzi lita 1,000 kuwa lita 20,000.

Chukua kalamu tupige hesabu. Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni karibu lita 4,000. Nyanya zilizokwisha kufunika shamba na kubeba matunda, kwenye jua kali la kiangazi, zinaweza kutumia milimita 5 kwa siku, na siku za upepo zikazidi hapo. Hizo ni lita 20,000 kwa siku kwa ekari moja. Kwa mifereji ungehitaji kuchota kama lita 33,000 ili 20,000 zifike. Kwa dripu utachota kama 22,000. Umeokoa lita 11,000 kila siku, pamoja na dizeli au umeme wa kuzivuta. Ni faida ya kweli. Ila bado unahitaji kujaza lile tanki la lita 1,000 mara ishirini na mbili kwa siku.

Ubaya wa dhana hii ni kwamba haijionyeshi mapema. Miche ikiwa midogo inakunywa nusu ya kiasi hicho au pungufu, na mkulima anaona shamba limependeza, anapiga picha, anawaambia majirani. Maua yakija ndipo mambo yanageuka. Maua yanadondoka. Matunda yaliyobaki yanaota doa jeusi kitakoni, kwa sababu mmea unaopata maji leo na kukosa kesho haufikishi kalsiamu ya kutosha kwenye tunda. Mkulima anaona ugonjwa, anakwenda duka la pembejeo, anauziwa dawa ya ukungu, anapulizia, hakuna kinachobadilika, ananunua dawa nyingine. Nikifika shambani ninakuta makopo ya dawa yamejaa pembeni ya kisima kilichokauka saa nne asubuhi.

Wengine hunijibu kwamba Waisraeli wanalima jangwani kwa dripu, sasa sisi tunashindwaje? Ni kweli kwamba dripu ya kiwandani ilianza huko, mwaka 1965, katika kijiji cha ushirika cha Kibbutz Hatzerim kwenye jangwa la Negev. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1964, Israeli ilikuwa imefungua mfumo wake mkubwa wa taifa wa kusafirisha maji kutoka Ziwa la Galilaya hadi kusini mwa nchi. Jangwa lile halikulimwa bila maji. Watu walileta maji kwanza, wakayapima, kisha wakatumia dripu ili yasipotee. Sisi tunataka kuanza na mwisho.

Kwa hiyo usanifu unaanzia kwenye chanzo. Pima kisima chako, na ukipime Oktoba, usikipime Aprili. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 72, pampu inakupa lita 1,000 kwa saa. Lakini hiyo ni pampu, siyo kisima. Endelea kuvuta kwa saa kadhaa uone kama kiwango kinabaki pale pale au kinashuka. Kisima cha kuchimba kwa mkono, kikaushe jioni, kisha asubuhi pima kimerudisha maji kiasi gani. Kisima kirefu, mdai mchimbaji ripoti ya jaribio la kuvuta maji. Neno la mdomo kwamba "hapa maji ni mengi" usilikubali. Na ukiwa kwenye shughuli hiyo, pitia Bodi ya Maji ya Bonde lako kwa ajili ya kibali cha kutumia maji, maana kibali nacho kinataja kiasi.

Tuseme kisima kimekupa lita 500 kwa saa, na unaweza kuvuta saa 10 kwa siku. Una lita 5,000. Ukitoa upotevu, zinazofika kwenye mizizi ni 4,500, yaani pungufu kidogo ya robo ya mahitaji ya ekari wakati wa matunda. Basi lima robo ekari. Najua inauma, hasa kama mipira ya ekari nzima imeshanunuliwa. Lakini robo ekari iliyoshiba inauza nyanya, na ekari yenye kiu inauza majani ya mbuzi. Huu ndio ushauri ninaoutoa zaidi kuliko mwingine wowote, na ndio unaokataliwa zaidi.

Hesabu ya pili ni ya pampu. Ekari yenye mistari inayoachana mita 1.5 inakula karibu mita 2,700 za mpira. Matundu yakiwa kila sentimita 30, hayo ni matundu 9,000. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, shamba lote linataka lita 9,000 kwa saa. Kama pampu yako inatoa 3,000, ukifungua shamba zima kwa pamoja matundu ya mbali yatalia machozi tu. Ligawe shamba vipande vitatu, kila kimoja na koki yake, uvimwagilie kwa zamu. Siku ya kiu kubwa pampu itafanya kazi zaidi ya saa 7. Kama ni ya sola, jiulize jua lako kali linadumu saa ngapi kabla hujalipa.

Sasa dhana nyingine potofu ninazozisikia, kwa kifupi.

"Tanki kubwa lina presha kubwa." Hapana. Presha inatokana na kimo, ujazo haumo kabisa. Tanki la lita 5,000 na la lita 500 yakiwa kwenye kimo kimoja na maji usawa mmoja yanasukuma sawasawa. Kila mita 10 za kimo ni karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo mnara wa mita 1.5 unakupa bar 0.15, na mipira mingi sokoni lita zake zimeandikwa kwa bar 1. Presha ikishuka hadi robo, tundu la kawaida linatoa nusu. Mnara mfupi unafaa bustani ndogo yenye mistari mifupi, siyo ekari. Na usibane bomba kuu ili kuokoa pesa: ukipunguza kipenyo cha ndani kwa nusu, kwa maji yale yale, presha inayopotea njiani inaongezeka karibu mara 30.

"Mlimani dripu inajipanga yenyewe." Inajipanga vibaya. Nimeona mashamba ya Lushoto ambako mipira imetandazwa kutoka juu kwenda chini, mimea ya chini inaogelea na ya juu imekauka. Bomba kuu ndilo lishuke mteremko, mipira ifuate kontua, yaani ikatize mteremko kwa usawa mmoja. Mteremko ukiwa mkali, nunua mipira yenye matundu yanayosawazisha presha, hata kama bei inapanda.

"Maji yangu ni meupe, chujio la nini?" Maji ya kisima yanaweza kutoka meupe kabisa yakiwa na chuma kilichoyeyuka, yakikutana na hewa chuma kinageuka kutu nyekundu na kuziba tundu kutoka ndani. Maji ya namna hiyo yaanguke kwanza kwenye tanki kama mvua, yapate hewa, yatulie, ndipo yapite kwenye chujio. Weka chujio la mesh 120 (wavu wenye matundu 120 kwa kila inchi), lioshe, na kila baada ya wiki moja au mbili fungua ncha za mipira uchafu utoke. Na tafadhali, tundu likiziba usilichome kwa sindano. Utapata shimo linalomwaga maji ya matundu kumi, na mwisho wa mstari utakosa.

"Udongo wa juu ukiwa mkavu, maji hayajatosha." Chimba kwa mkono hadi kina cha mizizi ndipo useme. Kwenye kichanga maji yanashuka wima na uso unaonyesha duara dogo tu. Hapo matundu yakaribiane, sentimita 20, na umwagilie kidogo kidogo mara nyingi. Kwenye mfinyanzi yanatambaa kando, sentimita 30 au zaidi zinatosha.

"Mbolea yoyote inapita kwenye dripu." DAP na TSP haziyeyuki vizuri, na CAN ina unga wa chokaa unaobaki kama tope. Tumia mbolea zilizotengenezwa kuyeyuka, ziingie kabla ya chujio, na usichanganye kalsiamu naitreti na mbolea yenye salfeti kwenye ndoo moja, kwa kuwa zinaganda kuwa jasi. Ukimaliza, pitisha maji matupu kwa dakika 15 hivi.

"Maji yametoka, fundi amemaliza." Hajamaliza. Chukua vikombe, viweke chini ya matundu ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho wa mistari, karibu na bomba kuu na mbali nalo. Kinga kwa dakika 6, pima, zidisha kwa 10, umepata lita za saa za kila tundu. Tundu bora na tundu baya yakipishana zaidi ya asilimia 10, kuna mstari mrefu mno, bomba jembamba au kipande kikubwa kuliko pampu. Pesa ya mwisho ya fundi ibaki mfukoni mwako mpaka vikombe vilingane.