Mwenyekiti wa LC Hana Haja ya Hotuba: Dhana Potofu za Waandishi wa Tamthilia

Miswada ninayoletewa hapa Kampala inatoka kila upande: walimu wa Kiswahili wanaoandaa mashindano ya shule, vijana wa Busia, askari wenye kikundi cha maigizo kambini, mashirika yanayotaka mchezo wa kuhamasisha jamii uwe tayari kabla bajeti haijafungwa. Wote huanza na maneno yaleyale: "Mwalimu, huu mchezo una ujumbe mzito." Nikisikia hivyo tu, naujua ukurasa wa mwisho kabla sijaufungua.

Dhana: mchezo lazima uwe na ujumbe, na lazima mtu ausimamie jukwaani na kuutamka.

Najua tulikoitoa hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 vikundi vya maigizo vilizunguka vijijini kuzungumzia ukimwi, na kazi ile ilikuwa ya lazima. Mashindano ya shule nayo hutoa mada, watoto wakaitungia igizo. Matokeo yake tumelea waandishi wanaoamini kwamba tamthilia ni kijana mlevi, msichana aliyedanganywa, halafu daktari mwenye koti jeupe anaingia dakika za mwisho kufafanua kila kitu, wote wanaimba, pazia.

Sina ugomvi na ujumbe. Ugomvi wangu ni na mhusika anayeusema. Anapoanza tu "Ndugu zangu, jamii yetu leo...", watazamaji wanaacha kutazama na kuanza kungoja amalize. Angalieni nyuso zao siku ya onyesho, msiangalie waigizaji wenu.

Chukua mswada mmoja niliousahihisha, uliohusu ardhi. Mzee anataka kuuza kibanja, yaani kipande cha ardhi, cha familia kwa siri. Mwandishi alikuwa ameisoma Sheria ya Ardhi ya 1998 na marekebisho yake ya 2004, kwa hiyo alijua kwamba ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki juu yake haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Safi kabisa. Basi akamleta mwenyekiti wa LC, yaani wa baraza la mtaa, akamsimamisha katikati ya jukwaa, akampa ukurasa mzima na zaidi wa kuieleza sheria hiyo. Mzee akalia, akaomba radhi, wimbo.

Nikamuuliza: mwenyekiti huyu anataka nini? Akanijibu: kuelimisha. Hapana! Hakuna mwenyekiti anayetoka nyumbani kwake saa kumi jioni kwenda kuelimisha. Anataka chochote cha kumshukuru kwa muhuri wake. Anaogopa kesi. Tena mzee ni rafiki yake wa siku nyingi, na mkewe mzee ni ndugu wa mkewe. Hapo ndipo mchezo ulipo, na mwandishi alikuwa ameuruka ili afike kwenye hotuba.

Tukaiandika upya. Mezani kuna karatasi ya makubaliano. Mnunuzi ameshahesabu pesa. Mwenyekiti anatoa muhuri mfukoni, anaugandamiza kwenye wino, mkono unabaki juu ya karatasi.

"Mama watoto yuko wapi?"

"Ameenda sokoni."

"Basi tumngoje."

Mnunuzi anatazama saa. Mzee anaongeza noti moja mezani, upande wa mwenyekiti. Mwenyekiti anaitazama ile noti, kisha anatazama mlango. Na mlangoni anaingia mke na jerikeni ya maji, hana habari, anawaamkia wageni na kuuliza kama waletewe chai.

Sheria nzima imo chumbani na hakuna aliyeitaja. Anayeijua atamnong'oneza jirani yake. Asiyeijua atauliza kwa nini muhuri haushuki. Lakini mwandishi hakuridhika: "Sasa watu watajuaje sheria inasemaje?" Mpe mnunuzi maneno hayo, kwa sababu yeye ndiye anayeogopea pesa zake. "Mzee, bila saini ya huyu mama nimenunua karatasi." Sentensi moja, tena ya mtu mwenye hasira. Mfadhili akilalamika kwamba vifungu havikusomwa, mwambieni amlete wakili wake onyesho likiisha, ajibu maswali ya watu mpaka usiku. Watauliza, maana wameona.

Kipimo changu ndicho hiki, na wanaonijua wameshachoka nacho: pigia mstari kila sentensi ambayo ungeweza kuihamishia kwa mhusika mwingine na isibadilike kitu. Zote zitoke. Miswada mingine inabaki nusu. Afadhali.

Dhana: Kiswahili cha jukwaani lazima kiwe sanifu. Hapa huwa nagombana na walimu wenzangu. Afande wa Kampala, mchuuzi wa mpakani Busia na mama Mnubi wa Bombo hawazungumzi Kiswahili kimoja, halafu mwalimu anapita na kalamu nyekundu mpaka wote watatu wanasema kama watangazaji wa redio. Sanifisha maelekezo, waachie wahusika midomo yao. Kuna na wanaodai kwamba Kiswahili hakina hadhira Uganda kwa kuwa ni lugha ya wanajeshi. Kikundi cha maigizo cha Makerere kilichozunguka nchi miaka ya 1960 kilicheza Kiingereza, Kiswahili na lugha za wenyeji, na katiba imekitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili tangu 2005. Hadhira ipo. Michezo ndiyo haba.

Dhana: watu wa Kampala wanataka kucheka tu, kwa hiyo jambo zito halina nafasi. Tangu lini kicheko kikawa kinyume cha uzito? Byron Kawadwa aliandika kwa Kiluganda, akajaza nyimbo na vichekesho, akajaza na ukumbi. Alikuwa akiongoza Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza alipokamatwa humo humo mwaka 1977 na kuuawa chini ya utawala wa Amin. Waliomuua hawakudhani kwamba anachekesha tu.

Dhana: mwandishi aeleze kila hatua. "Anageuka kushoto, anakohoa, anatabasamu kwa huzuni." Mwachie mwongozaji kazi yake. Andika tendo ambalo likikosekana hadithi inabadilika, kama ule mkono wenye muhuri, basi. Na yule anayeniandikia "kamera inasogea" aniambie kamera hiyo itakaa safu ya ngapi.

Dhana: ukiandika "Mwisho" umemaliza. Mswada mpya haujulikani mpaka usomwe kwa sauti na watu wengine, wewe ukiwa umenyamaza. Neno "umenyamaza" lizingatiwe. Wakae mezani, wasome bila kuigiza, na kila mwigizaji anapojikwaa mahali palepale, weka alama. Usimweleze ulichokusudia, hutakuwapo ukumbini kumweleza kila aliyekata tiketi. Miswada mingi nimeona ikianza kweli ukurasa wa saba au wa nane, baada ya wahusika kumaliza kusalimiana na kuulizana habari za nyumbani. Sisi ni watu wa salamu, sawa, lakini jukwaani zinakula muda.

Dhana: nikiwaonyesha watu wataniibia wazo. Sheria ya hakimiliki ya 2006 hailindi wazo la mtu yeyote. Mume anayeuza kibanja kwa siri ni wa kila mtu. Inalinda ulivyoliandika, tena bila sharti la kwenda kusajili kwanza, kwa uhai wako wote na miaka 50 baada yake. Kusajili kunasaidia kwa ushahidi, na ofisi ya usajili, URSB, inafanya kazi hiyo. Kwa hiyo acheni kunipigia simu mkinisimulia mchezo nusu nusu kwa kunong'ona. Nileteeni mswada wote, umepigwa chapa, na tafadhali kurasa ziwe na namba.