Dogo, jepesi, halina paa: dhana potofu kuhusu magari ya wazi Dar es Salaam

Gari la wazi likisimama Coco Beach jioni ya Jumapili halikosi kuzungukwa na watu, na yanayosemwa pembeni yake ni yale yale kila mara: linakunywa mafuta, spea hakuna, jua litakumaliza, mvua ikinyesha basi tena. Mengi ya hayo si kweli. Na mambo yanayoyaua magari haya hapa mjini, kwa kawaida hakuna anayeyataja. Nayaandika kwa sababu nayapenda mno magari haya, na inaniuma kuona mazuri yakiharibiwa na watu wanaodhani wanayaboresha.

Nazungumzia magari ya viti viwili, mepesi, yenye injini ndogo, yaliyosanifiwa tangu mwanzo bila paa la chuma la kudumu. Maarufu kuliko yote ni Mazda MX-5, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, na ambayo Japani ilianza kuuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Kufikia Aprili 2016 zilikuwa zimetengenezwa milioni moja. Ipo pia Toyota MR-S, yenye injini nyuma ya viti, na zipo ndogo kabisa kama Suzuki Cappuccino na Daihatsu Copen za cc 660. Zilizouzwa Japani zina usukani wa kulia, kwa hiyo hazihitaji kugeuzwa chochote ili zitembee barabara zetu.

"Gari la michezo ni injini kubwa, na injini kubwa ni mafuta"

MX-5 ya kwanza ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 115 hivi. Kwa mtu aliyezoea V8 hiyo si kitu. Ila gari lenyewe lilikuwa na uzito wa kama kilo 950 tu, wakati Land Cruiser kubwa inapita tani mbili na nusu. Waliolibuni walilitazama sana Lotus Elan la Uingereza la mwaka 1962, gari lililokuwa chini ya kilo 700. Hoja ya magari haya yote ni moja: ukipunguza uzito, kila kitu kinanufaika kwa mpigo. Breki zinazuia mzigo mdogo, matairi yanashika vizuri, usukani unajibu haraka, na injini ndogo inatosha.

Kwa mji wa foleni hili lina maana zaidi. Kila unapoondoka kwenye taa za Morocco unachoma mafuta kuusukuma uzito wa gari, kisha ukifika Mwenge unakanyaga breki na nguvu ile yote inageuka joto. Gari jepesi linapoteza kidogo kila safari ya namna hiyo. Na raha yake haidai mwendo wa hatari. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa Toure Drive, paa likiwa chini na upepo wa bahari unakupiga, unatosha kabisa kukufanya uhisi kila kinachotokea kati ya tairi na lami.

"Spea hakuna"

Hapa inabidi kutenganisha injini na bodi, maana ukweli wake ni tofauti.

Chukua MR-S. Injini yake ni 1ZZ-FE ya lita 1.8, ile ile iliyomo kwenye Allion, Premio, Wish na RAV4 za miaka ile. Nani Dar hajui pa kupata spea za Allion? Ukienda Gerezani, jirani na Kariakoo, kwa wauza spea ukataja 1ZZ, utaulizwa unataka mpya au used. Plagi, koili, pampu ya maji, vyote vipo. Jambo la kuangalia ni kwamba 1ZZ za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili, kwa sababu matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yakaziba. Ukinunua MR-S ya zamani, chomoa kijiti cha oili kila wiki bila kusubiri taa iwake.

MX-5 nayo haikuanza na injini ya pekee. Ile 1.6 ilitokana na ukoo wa injini za Mazda Familia, na ni injini ya kumfurahisha mtu anayependa kujishikia spana: boneti ikifunguka unaona kila kitu, mkono unafika. Mkanda wa taimingi wa matoleo mawili ya mwanzo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye ile 1.6, hata ukikatika njiani, valvu na pistoni hazigongani. Unafunga mpya unaendelea. Injini nyingi za kisasa hazikupi msamaha huo.

Kinachokosekana kweli ni vitu vya bodi: turubai la paa, raba za milango, kioo cha nyuma, taa. Hivyo utaagiza nje na utasubiri. Kwa hiyo gari lenye injini mbovu na bodi nzima ni bora mara nyingi kuliko lenye injini nzuri na bodi iliyokwisha, na wanunuzi wengi hapa huchagua kinyume chake.

"Kwa joto la Dar, themostati itolewe"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na wanaoisema ni mafundi, tena mafundi wazuri. Injini ikichemsha, jambo la kwanza ni kung'oa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba ni kifaa cha nchi za baridi.

Themostati kazi yake ni kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi, zaidi ya nyuzi 80, kisha kufungua kadiri inavyohitajika. Injini ya Dar inahitaji joto hilo hilo kama injini ya Hokkaido, kwenye baridi ya kaskazini mwa Japani. Ukiitoa, injini inatembea baridi kila inapopata upepo. Kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inaongeza mafuta. Oili haipati joto la kutosha kufukuza unyevu. Silinda zinalika upesi. Halafu siku ya foleni ndefu injini inachemsha vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa themostati.

Kwenye MX-5 za mwanzo ugonjwa mara nyingi ni rejeta yenyewe. Tangi lake la juu ni la plastiki nyeusi, na likichoka hugeuka rangi ya kahawia kabla ya kupasuka. Ukifungua boneti ukaona kahawia hiyo, badilisha wiki hiyo hiyo. Angalia pia kama feni zinawaka. Injini hii asili yake ilikaa kiubavu kwenye magari ya kuvuta kwa mbele. Ilipogeuzwa kukaa kwa urefu, maji yakawa yanaingia na kutokea mbele, na silinda ya nyuma ikabaki na mzunguko hafifu. Kwa hiyo haipendi kabisa kuchezewa mfumo wa maji.

Na maji yenyewe yachagueni vizuri jamani. Visima vingi vya mji huu vina chumvi, na silinda hedi ya magari haya ni ya alumini. Kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, haiko pale kwa ajili ya barafu. Inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri (si asidi yake).

"Mvua ikinyesha umekwisha"

Turubai zima lililofungwa vizuri linahimili masika. Maji yanayoangamiza gari la wazi ni yale ambayo huyaoni.

Mvua inayoteremka kwenye turubai la MX-5 hukusanywa na mfereji ulio nyuma ya viti, ikaingia kwenye matundu mawili, moja kila upande, ikashuka kwa mabomba hadi chini ya gari, mbele kidogo ya tairi za nyuma. Matundu yale ni madogo. Jani moja la mwarobaini, vumbi la kiangazi, maua ya mwembe, yanaziba. Yakiziba, maji hayarudi juu ukayaona. Yanamwagika ndani ya bodi, kwenye ile mihimili minene inayopita chini ya milango, na kukaa humo. Nje rangi inang'aa. Ndani chuma kinaliwa, na hewa yetu ya chumvi inakiharakisha. Siku moja fundi anaweka jeki na jeki inazama.

Mihimili hiyo si mapambo. Gari lisilo na paa linabebwa na hiyo, kwa hiyo kutu ya pale ni ugonjwa wa mifupa. Kinga yake ni kazi ya dakika chache kabla ya masika na kabla ya vuli: fungua turubai, ondoa uchafu kwa mkono, pitisha kwa upole waya laini wa plastiki, mimina maji taratibu, chungulia chini uone yanatoka pande zote mbili. Usipulize kwa mashine ya upepo, utachomoa bomba ndani na hutalijua. Na usiegeshe chini ya mti kwa ajili ya kivuli, hata kama jua ni kali, tafuta banda.

Huko huko nyuma kuna jambo jingine. Betri ya MX-5 za matoleo mawili ya mwanzo inakaa kwenye buti, na ile iliyokuja nayo ilikuwa ya kufungwa, yenye vibomba vya kutolea hewa nje. Wengi wakibadilisha hufunga betri yoyote inayoenea. Betri ya kawaida hupumua hewa yenye asidi, na ndani ya buti lililofungwa asidi hiyo inakula chuma chote kilicho karibu. Tafuta ya kufungwa, na uhakikishe vibomba vimeunganishwa.

Waosha magari nao waambie mapema: mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye mishono ya turubai.

"Lishushe, weka rimu kubwa, ndipo liwe la michezo"

Springi za gari hili zilipangwa na watu waliojua uzito wake hadi kilo ya mwisho. Ukizikata, shokapu inabaki haina nafasi ya kushuka, na kila tuta linagonga raba za mwisho na kurusha gari. Likirushwa, tairi haishiki barabara. Kwa matuta ya mitaa yetu hiyo ni kupoteza breki na kona kwa pamoja.

Rimu ni hivyo hivyo. MX-5 ya kwanza ilivaa inchi 14, tairi 185/60. Uzito ulio kwenye gurudumu ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu shokapu inapaswa kuutuliza kila shimo. Rimu za inchi 17 zinapendeza kwenye picha na zinalifanya gari liwe zito kwenye usukani na gumu kwenye kiti.

Ukitaka maboresho ya kweli, anza na yasiyoonekana. Badilisha bushi zilizochoka. Weka matairi mazuri. Pima ulinganifu wa magurudumu kwa mtu mwenye mashine inayofanya kazi. Kisha upepo: kibandiko cha MX-5 ya kwanza kinasema psi 26, na vijana wa vituo vya mafuta wamezoea 35. Kwa 35 gari jepesi hivi linaruka-ruka na kuteleza kwenye lami yenye maji. Simama hapo hapo uwaambie 26.

"Kwani fundi hawezi kukata paa la gari la kawaida?"

Kukata anaweza. Kwenye magari mengi madogo ya leo bodi yenyewe ndiyo chesisi, na paa ni sehemu ya kuishikilia. Ukiliondoa, gari linapinda katikati, milango inaanza kugoma kufunga, na kwenye ajali hakuna kinachokulinda. Hili sina la kulipunguzia makali: msifanye.

Kuhusu jua, tatizo ni dogo kuliko linavyosemwa. Saa saba mchana funga paa uwashe kiyoyozi. Chumba ni kidogo, kinapoa upesi. Alfajiri, na kuanzia saa kumi na moja jioni, fungua. Kigamboni hadi Kimbiji kwa saa hizo ni safari ya kumwonesha mgeni.

"Ni dogo na ni la zamani, ushuru utakuwa kidogo"

Udogo unasaidia, kwa sababu ushuru wa bidhaa hupangwa kwa cc. Uzee unaumiza. Juu ya ushuru wa forodha na VAT, gari lenye umri wa miaka minane na zaidi hutozwa pia ule wa uchakavu. TRA wana kikokotoo mtandaoni. Kitumie kabla ya kutuma hata senti Japani.

Kabla ya hapo soma karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari inayotolewa kwenye minada ya Japani. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, C ni chuma kilichokwisha kuliwa, na daraja R ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. S karibu na milango au tairi za nyuma inatosha kukufanya uache. La kutoka Uingereza litazame kwa makini maradufu, kwani barabara za kule humwagiwa chumvi kila majira ya baridi.

Kama gari liko tayari hapa mjini, nenda na chupa ya maji. Inua zulia nyuma ya viti, gusa kama kuna unyevu, kisha mimina maji kwenye yale matundu mawili na uinamishe kichwa chini ya gari. Muuzaji akikukatalia, usianze hata kuongea bei.