Ule mlio wa T-6 hautoki kwenye injini

Wapenzi wengi wa mbio za ndege wanaamini kwamba ule mlio mkali wa T-6 Texan, unaokereza masikio kabla ndege yenyewe haijafika, ni wa injini. Siyo kweli, na sababu halisi inapendeza zaidi.

T-6, ambayo Waingereza waliiita Harvard, ilifundisha maelfu ya marubani wa Vita vya Pili vya Dunia. Kule Reno, Nevada, Marekani, ambako mbio za ndege zilifanyika kuanzia 1964 hadi 2023, ndege hizi zilikuwa na kundi lake la mashindano peke yake, zikizunguka nguzo za kuonyesha njia kwa kasi ya kilomita 370 hivi kwa saa.

Injini yake ya Pratt & Whitney, yenye silinda tisa, ina nguvu za farasi 600 tu. Ila haina gia ya kupunguza mizunguko: pangaboi limefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini. Injini ikizunguka mara 2,250 kwa dakika, pangaboi nalo ni hivyo hivyo. Kipenyo chake ni karibu mita 2.7, kwa hiyo ncha zake hukata hewa kwa mita 320 hivi kwa sekunde. Jumlisha na mwendo wa ndege, unakaribia kabisa kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340. Hewa inayobanwa pale nchani ndiyo inayopiga kelele.

Sikiliza rubani anapopunguza mizunguko baada ya kupaa. Ule ukali unakatika mara moja, na injini inabaki ikinguruma taratibu.