Jiji Haliishii Penye Kibao cha Mpaka

Mpaka wa jiji umechorwa kwa ajili ya utawala. Maji hayaujui, wala taka, wala watu wanaodamka alfajiri kuwahi kazini kutoka mji mdogo ulio kilomita 40 kando. Kwa hiyo mpangaji wa kanda, yaani jiji pamoja na miji na vijiji vinavyolizunguka, huanza na ramani ya mienendo: nani anasafiri kwenda wapi kila siku, mabwawa yanalishwa na mabonde yapi, mazao yanapita njia gani kufika sokoni. Mienendo hiyo inapofifia, ndipo kanda inapokoma.

Baada ya ramani, hesabu. Tuseme kanda inatarajia kuongeza watu 100,000 katika miaka 20. Kwa kaya ya watu 5, zinahitajika nyumba 20,000. Viwanja vya mita za mraba 1,000 vitakula hekta 2,000. Vya mita 400, hekta 800. Hapo barabara, shule, zahanati, masoko na mifereji bado. Vikichukua asilimia 40 ya eneo lote, ardhi inayotakiwa ni takriban hekta 3,330 au 1,330. Tofauti ni hekta 2,000 za mashamba, kwa idadi ile ile ya watu. Malalamiko mengi ya jiji kumeza mashamba, ukiyachimba, ni suala la ukubwa wa kiwanja, ila mikutanoni hakuna anayependa kulitaja.

Nyumba hizo zikae wapi? Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilijibu mwaka 1947 kwa mpango wenye umbo la kiganja: jiji la zamani ndiyo kitanga, miji mipya inafuata reli kama vidole, na katikati ya vidole hubaki mashamba na misitu. Masharti yaliyotolewa mwaka 2007 yakataka ofisi kubwa, zinazozidi mita za mraba 1,500, kwa kawaida zijengwe ndani ya mita 600 kutoka stesheni. Sharti hilo ndilo lenye meno. Bila usafiri wa umma, kidole hugeuka safu ndefu ya maduka na maghala kandokando ya barabara kuu, kila moja na mlango wake wa kutokea, na malori ya mazao yanakwama humo humo.

Kuzuia ujenzi pekee hakutoshi. Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, ilijifunga mwaka 1971 ukanda wa kijani, yaani ardhi inayolizunguka jiji ambamo ujenzi umezuiwa. Ardhi ya ukanda ikalindwa, lakini mahitaji ya nyumba yakauruka: miji mipya kama Bundang na Ilsan, iliyotangazwa mwaka 1989, ilijengwa ng'ambo yake, na wakazi wengi wakawa wanauvuka kila siku kwenda kazini na kurudi. Jimbo la Oregon, Marekani, kwa sheria ya mwaka 1973, liliitaka kila mji uchore mpaka wa ukuaji, yaani mstari ambao mji usiutanukie nje yake, na ndani ya mpaka huo uwe na ardhi ya kutosha mahitaji ya nyumba ya miaka 20. Huwezi kufunga mlango wa nje wakati ndani hakuna nafasi.

Miji midogo nayo haikui kwa kutajwa kwenye mpango. Inahitaji kazi yake yenyewe: soko la jumla, ghala la baridi, chuo, hospitali ya rufaa. Mpangilio wa hatua ni muhimu mno. Kwanza tenga hifadhi ya barabara na njia za bomba, kisha pima viwanja, ndipo utangaze mji. Ukitangaza kwanza, walanguzi watanunua ardhi kabla ya mpima kufika, na fidia ya barabara peke yake itamaliza bajeti.

Mipango mingi hukwama kwenye fedha. Kijiji kinachokatazwa kulima kwenye chanzo cha maji ya jiji kinapoteza mapato, ilhali jiji linakusanya ankara za maji hayo. Sehemu ya ankara isiporudi kijijini kwa mkataba ulioandikwa, wenye kiasi na tarehe ya malipo, msimu wa mvua ukifika jembe litarudi ukingoni mwa mto.