Lumumba wa hadithi na Lumumba wa kweli

Kila inapofika Januari 17, siku aliyouawa mwaka 1961, picha za Patrice Lumumba husambaa mitandaoni, na chini yake watu huandika "rais wa kwanza wa Kongo". Hakuwa rais. Rais alikuwa Joseph Kasa-Vubu. Lumumba alikuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa chama chake cha MNC (Mouvement National Congolais) kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote katika uchaguzi wa Mei 1960, ingawa havikufika nusu ya bunge la viti 137. Ilimbidi aunde serikali ya mseto. Kosa hili laonekana dogo, lakini asiyelijua hawezi kuelewa jinsi mtu huyu alivyoangushwa.

Dhana iliyoota mizizi zaidi ni ile ya hotuba ya Juni 30, 1960, siku ya uhuru. Wengi wanaamini alimgeukia Mfalme Baudouin wa Ubelgiji akamwambia, "Sisi si nyani wenu tena." Maneno hayo hayamo katika hotuba iliyoandikwa, wala katika sauti iliyorekodiwa siku hiyo. Aliyoyasema yana uzito kuliko hayo: alitaja matusi na vipigo vya asubuhi, mchana na jioni, ardhi iliyoporwa kwa jina la sheria, na sheria yenyewe kuwa na sura moja kwa mweupe na nyingine kwa mweusi. Tena si yeye aliyeanza. Mfalme alikuwa ametoka kumsifu Leopold II, mfalme wa Ubelgiji wa zamani, ambaye chini yake Wakongo walikatwa mikono kwa sababu ya utomvu wa mpira.

Kutokana na hapo husemwa kwamba hotuba ile ndiyo iliyoivuruga nchi. Sikubaliani kabisa. Jeshi liliasi Julai 5, na chanzo kilikuwa kambini. Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka ukoloni, haikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo, na kamanda wake, Jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Kwa askari waliokuwa wakisubiri vyeo, hilo lilitosha. Julai 11 Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga lenye shaba, akalitenga na nchi, akiungwa mkono na wanajeshi wa Ubelgiji. Uhuru ulikuwa haujatimiza hata wiki mbili.

Na dai kwamba alikuwa mkomunisti je? Julai 12 yeye na Kasa-Vubu, kwa pamoja, waliomba majeshi ya Umoja wa Mataifa. Mwishoni mwa mwezi alikwenda mwenyewe New York na Washington kutafuta msaada. Umoja wa Mataifa ulipokataa kuirudisha Katanga kwa nguvu, ndipo alipopokea ndege na malori ya Urusi. Chuo kikuu kimoja cha Moscow kilipewa jina lake mwaka 1961, akiwa ameshauawa, na nadhani jina hilo limewapotosha wengi.

Sisi tunaompenda nasi tuna hadithi zetu. Tunamchora hana doa, tukiiruka Agosti 1960, pale jeshi la serikali yake lilipokwenda kuizima Kasai Kusini iliyojitenga na kuua raia wa Kiluba huko Bakwanga. Hilo nalo ni sehemu ya historia yake, na wafu wale wana haki ya kutajwa.

Septemba 5 Kasa-Vubu alimfukuza kazi kupitia redio, na wapo wanaodhani aliondoka hivyo, kihalali. Mabaraza yote mawili ya bunge yalisimama upande wa Lumumba. Aliyemwondoa ni Kanali Mobutu, mkuu wa jeshi, aliyetwaa madaraka Septemba 14. Lumumba akazuiliwa nyumbani, akatoroka mwishoni mwa Novemba kuelekea Stanleyville (Kisangani ya leo), kwa wafuasi wake, akakamatwa njiani.

"Aliuawa na CIA," husemwa. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilipeleka sumu Léopoldville (Kinshasa ya leo), lakini haikutumika. Alipigwa risasi usiku wa Januari 17, 1961, porini nje ya Élisabethville, Lubumbashi ya leo, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Waliofyatua walikuwa watu wa Katanga, maofisa wa Kibelgiji wakiwapo, Tshombe naye akiwapo. Wakuu wa Léopoldville ndio waliompeleka huko, wakijua wanamkabidhi kwa nani. Februari Katanga ikatangaza kwamba ametoroka na kuuawa na wanakijiji. Ilichukua hadi 2001 kwa tume ya bunge la Ubelgiji kukiri kwamba baadhi ya mawaziri wao wa wakati ule na Wabelgiji wengine walibeba lawama ya kimaadili kwa mazingira yaliyosababisha kifo chake, na 2002 serikali yao ikaomba radhi.

Bado husikika kwamba hana kaburi. Kwa miaka 61 ilikuwa kweli, maana miili ilikatwakatwa na kuyeyushwa kwa tindikali. Afisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo, Gérard Soete, alibaki na jino. Juni 2022 Ubelgiji iliikabidhi familia jino hilo, likazungushwa nchini na kuzikwa Kinshasa.